Upepo Kwenye Breki

Tangu kulipopambazuka, fundi cherehani hakutulia. Alifagia ua uliokwisha kufagiwa, akaweka maji jikoni akasahau kuwasha moto, kisha akarudi bandani kumuuliza mumewe kama gari bado. Bado, alijibiwa. Binti yao wa pekee alikuwa njiani na mjukuu wa kwanza wa nyumba hiyo, mtoto wa kike ambaye bibi yake alikuwa amemwona kwenye simu tu. Basi lao lingefika stendi alasiri.

Hata jina la mtoto alikuwa hajaambiwa, ingawa kosa halikuwa la binti. Kila alipoanza kulitaja kwenye simu, mama alimkatiza: najua, mwanangu, ni jina la mama mkwe wako, na ni sawa kabisa. Mtaa mzima ulikwisha kutangaziwa. Yeye mwenyewe alikwisha kufanya mazoezi ya kutabasamu mbele ya kioo, na tabasamu lilikuwa bado halijakaa vizuri.

Mzee naye alikuwa ameapa kwa kinywa chake kwamba gari lililomleta binti yao kutoka hospitali akiwa kichanga ndilo litakalowaleta yeye na mwanawe kutoka stendi. Aliapa kabla ya kutazama breki. Wanaume wengine ndivyo walivyo, ahadi kwanza, kuinama chini ya gari baadaye.

Injini haikuwa na neno. Taabu ilikuwa mafuta ya breki, yaliyokaa miaka mingi mpaka yakawa kama chai iliyosahauliwa sufuriani. Na kwa kuwa kwenye gari lile breki na klachi hunywa kikopo kimoja cha mafuta, zote mbili zilikuwa zimelegea. Mzee alibadilisha mipira iliyochakaa, akajaza mafuta mapya. Ikabaki kutoa upepo ulioingia kwenye mabomba, na hiyo ni kazi ya watu wawili. Mmoja anakanyaga pedali na kuishikilia. Mwingine, chini, analegeza nati ndogo ili upepo utokee kwenye kimpira hadi chupani, kisha anaikaza. Hapo ndipo mguu unaachia. Ukiachia mapema, upepo unarudi mlemle ulimotoka.

Walianza na gurudumu la nyuma lililo mbali zaidi na pampu, wakazunguka yote. Pedali ikazama mpaka chini, laini kama unga uliotota. Wakazunguka tena. Ikazama tena. Mzee akailaumu pampu, akailaumu mipira, akamlaumu na muuza spea, na mkewe akamkumbusha kwamba yeye lile duka hakulipenda tangu mwanzo.

Simu ikalia. Binti alikuwa ameandika kwamba wameshavuka daraja la kuingia mjini. Moyo wa mama ukaruka kwa furaha, halafu ukashtuka. Jirani dereva wa teksi akachungulia getini akasema yupo, wakimhitaji wamwite tu. Mzee alimshukuru bila kuinua uso, na mkewe akaona jinsi kiapo kilivyokuwa kikimchoma.

Walipoanza mzunguko wa tatu, fundi cherehani akauona mguu wake mwenyewe. Ulikuwa juu, na mzee alikuwa bado hajasema kitu.

Mtaani walisifiwa kwa kujuana bila kusemeshana. Mzee akipapasa mfuko, miwani ilikwisha kuwekwa mkononi mwake. Mke akianza sentensi, mume alikwisha kuijibu. Sasa mmoja aliachia kabla ya kuambiwa, na mwenzake alifungua nati kabla ya kujibiwa. Kikulacho ki nguoni mwako. Mke akacheka mpaka mzee akatoa kichwa chini ya gari.

"Upepo tunautia wenyewe, baba," alimwambia. "Mimi naachia kabla hujasema, na wewe unafungua kabla sijashika."

"Si nakujua?"

"Leo usinijue. Leo mimi ni mteja."

Mzee akarudi chini akikohoa kicheko. Akamwomba mheshimiwa mteja akanyage. Mteja akakanyaga, akasema ameshika, akangoja. Mguu uliozoea kucheza na cherehani ukamtekenya kwa hamu ya kuinuka, naye akaukaza mpaka paja likatetemeka. Nati ikalia kidogo. Ndipo sauti ikatoka chini: "Achia."

Walipomaliza magurudumu, pedali ilisimama juu, ngumu kama jiwe. Wakafanya vilevile kwenye klachi, na gia ikaingia bila kelele. Mzee akalijaribu gari pale uani, mbele na nyuma, akisimama kila mara kwa fahari, mpaka mkewe akamwuliza kama mjukuu anapokelewa uani.

Stendi breki zilikamata palepale alipotaka. Binti alikuwa ameshashuka, mtoto begani. Mama alimkimbilia, kanga moja ikaanguka, hakuiokota.

"Mama, huyu tumempa jina..." binti alianza, kisha akanyamaza kumweka mtoto sawa.

Maneno yalikuwa tayari mdomoni mwa mama, na tabasamu lake la kioo nyuma yake. Akayashikilia. Mguu wa kulia ulikandamiza ardhi kwa nguvu zote, na akangoja.

"...jina lako," binti akamaliza.

Fundi cherehani akasimama vilevile, mguu umekaza. Mzee akaja nyuma yake, akamshika bega.

"Achia sasa, mama," alisema.

Akaachia, akalia.