Dereva wa Pili

Eckhard Lindacher alimshika mkewe mkono, akakibandika kiganja chake kwenye birika la kahawa, akakikandamiza hapo huku akisoma karatasi aliyoishika kwa mkono mwingine. Alisoma taratibu, kama mtu anayechagua chakula hotelini.

"Dakika sita," alisema. "Tushuke Salzburg, tuvuke majukwaa matatu na masanduku mgongoni, kwa dakika sita. Mimi farasi, Rosi?"

"Niachie, Eckhard. Nitabadilisha."

"Nimekuuliza swali. Mimi farasi?"

"Hapana."

Akamwachia. Ilikuwa Jumapili alasiri, na mji wote wa Rosenheim, Ujerumani, ulikuwa umekaa mezani ukila keki ya plamu. Roswitha alikwenda kwenye sinki, akafungulia maji baridi, akatazama malengelenge yakifura. Hakulia. Alikuwa na miaka hamsini na minne, na machozi yake alishayamaliza zamani, katika miaka ile ambayo bado aliamini yangesaidia kitu.

Sasa mtu atauliza, nyumba yenye mapigo namna hii, likizo ya nini? Likizo ilikuwa ya wanaume wa Alhamisi. Kila Alhamisi Eckhard na wenzake wanne walikaa meza ileile, kona ileile ya baa ileile, na ole wake mgeni ambaye angekalia kiti chao. Hapo walishindana nani kaenda wapi. Mmoja alikuwa ametoka Norway, akaringa wiki tatu. Eckhard hakuvumilia. Akaropoka kwamba yeye atamaliza nchi tatu kwa siku tano: treni mpaka Ljubljana, gari la kukodi hadi Piran baharini, kutoka hapo Trieste, halafu Udine kurudisha gari na kupanda treni ya nyumbani. Alishasema mbele za watu, basi ikabidi iwe. Kazi ya kupanga ikamwangukia Roswitha, aliyekaa miaka ishirini nyuma ya kaunta ya ofisi ya usafiri mpaka ilipofungwa.

Kuna jambo moja bwana huyu hakulipigia hesabu. Leseni yake ilichukuliwa mwezi wa Februari, alipovamia kituo cha basi akiwa chakari. Na gari la kukodi hapewi mtu kwa maneno. Anapewa mwenye leseni, na mwenye kadi ya benki yenye jina lake, naye awe amesimama pale kaunta mwenyewe. Katika nyumba ile, mtu huyo alikuwa Roswitha.

Ila kadi zake hakuwa nazo. Miaka minne nyuma alikimbilia kwa dada yake, Passau. Eckhard alifika siku ya pili, akavunja mlango, kisha akamvunja shemeji yake mfupa wa bega, na Roswitha akarudi nyumbani kwa miguu yake mwenyewe ili aache. Polisi waliandika, wakaaga, wakaondoka. Tangu siku hiyo leseni, kadi ya benki na kitambulisho cha Roswitha vilikaa kwenye kipochi chekundu, na kipochi kilikaa kwenye mkoba ambao Eckhard alijifunga kiunoni. Alilala nao.

Alichokitaka Roswitha kilikuwa kidogo. Alitaka kile kipochi mkononi mwake, na saa moja ya kutangulia mbele ya mumewe. Akivipata hivyo viwili, hamwoni tena.

Jumatatu walijaza fomu ya gari kwenye kompyuta, Eckhard akiwa amesimama nyuma ya kiti, akimpumulia kisogoni.

"Hapo pameandikwaje?"

"Dereva wa pili. Naacha wazi."

"Andika jina langu."

"Huna leseni, Eckhard. Wataikataa."

Kofi lilimpata sikioni, na kwa muda alisikia mlio tu. Akaandika: Eckhard Lindacher. Kompyuta ikadai namba ya leseni. Akaandika ile ya zamani, ikapita.

"Umeona?" alisema Eckhard, akampapasa kichwa kama mtu anavyompapasa mbwa. "Kila kitu unakifanya kigumu wewe."

Ijumaa akala soseji za asubuhi huku akicheka peke yake, maana Alhamisi ilikuwa imempa kichekesho cha mmoja wa wenzake wa baa.

"Yule Loisl! Mwenzangu, Loisl ni bwege. Wamepanda treni ya Ljubljana, si ndiyo? Lakini ile treni ni mbili zimeungwa. Mabehewa ya mbele yanakwenda Ljubljana, ya nyuma yanakwenda Klagenfurt. Wakifika Villach wanaikata. Na behewa la chakula liko nyuma. Loisl kaenda kula! Na ndala miguuni! Anatafuna, anatafuna, treni imekatwa. Kashuka Klagenfurt na ndala, hana simu, hana hata koti. Na Traudl wake kafika Ljubljana na masanduku mawili, ameutumbulia macho mlango wa choo akidhani mumewe yumo!"

Alicheka mpaka haradali ikamshuka kidevuni. Roswitha naye akacheka. Alicheka kwelikweli, kwa mara ya kwanza mwaka ule, na ilibidi ajishike mbavu.

Akafuta meza, kisha akasema kwa sauti ya kawaida kabisa: "Hiyo treni ndiyo nimeipata. Hakuna kushuka wala kukimbia na masanduku. Ila ni hiyohiyo ya Loisl. Labda huitaki."

"Kwa nini nisiitake? Mimi ni Loisl? Mimi nikishakaa kitini sinyanyuki."

"Najua," alisema Roswitha.

Alijua, tena vizuri, na hapo ndipo palipokuwa na shida. Mtu asiyenyanyuka hawezi kupotelea kwenye behewa la chakula. Basi atakayenyanyuka itabidi awe yeye. Kaunta ya usafiri ilimfunza kwamba safari isiyo na njia ya pili haijapangwa, na njia yake ya pili ilikuwa Klagenfurt.

Nafasi ya kupiga simu aliipata kwa gharama ya jino. Alikuwa amehifadhi viti vinavyotazama nyuma, na Eckhard hupata kichefuchefu akisafiri kinyumenyume. Alimpiga kwa ukingo wa sahani. Jino lililovunjika lilikuwa la mbele kabisa, na hakutaka mke kibogoyo kwenye picha za Piran, hivyo akamruhusu kwenda kwa daktari wa meno. Akamsindikiza hadi mlangoni, akangoja nje na sigara.

Ndani, Roswitha aliomba simu ya mapokezi. Kwanza akaagiza gari la pili, la kuchukulia Klagenfurt, siku ileile, saa nane mchana. Namba za kadi yake alizijua kwa moyo. Kisha akapiga nyumba moja ya kuhifadhi wanawake wanaopigwa, huko Graz.

"Una watoto?" iliuliza sauti upande wa pili.

"Sina."

"Una mizigo?"

"Sidhani kama nitakuwa nayo."

"Njoo ulivyo, dada. Hata usiku sisi tupo."

Alipotoka alipitia kioski cha jirani kununua dawa ya kusukutua. Eckhard akamngoja nje na sigara nyingine, naye akanunua na kipochi chekundu, akakificha kifuani. Usiku ule akakitia kadi ya maktaba, kadi ya bwawa la kuogelea na kadi ya duka la mikate, akakifunga kwa mpira kama kile kingine.

Siku ya safari mvua ilikuwa ikinyesha. Walikaa kwenye chumba cha viti sita, peke yao, behewa la mbele, Eckhard dirishani akitazama treni inakokwenda. Tiketi zote mbili Roswitha alikuwa amezitoa kwa jina lake, makusudi. Walipoiacha Salzburg akaingia kondakta, mwanamke mnene mwenye miwani iliyoning'inia kifuani.

"Tiketi, tafadhali. Na kitambulisho cha mwenye jina."

Eckhard alifungua mkoba wa kiunoni kwa kinyongo, akampa Roswitha kipochi. Kondakta akatazama kitambulisho, akatazama jino jipya na alama ya manjano shavuni iliyobaki chini ya poda, akarudisha kila kitu. "Ljubljana, nyote wawili. Mko sehemu sahihi. Msihame, Villach tunaikata treni."

"Tunajua," alisema Eckhard. "Sisi si mabwege."

Mlango ulipofungwa alinyoosha mkono. "Lete."

Roswitha alikuwa ameinama, kipochi kikiwa mapajani chini ya kitambaa cha shingo. Akampa kipochi. Eckhard akakitupia mkobani bila kutazama, akafunga zipu. Roswitha akakikunja kitambaa, pamoja na kile kilichobaki chini yake.

Akaenda chooni. Huko akazitoa kadi zake tatu, akazishika dakika nzima, kisha akazisukuma ndani ya soksi ya mguu wa kushoto.

Milima ikapita, mahandaki yakapita. Zilipobaki dakika ishirini kufika Villach, akapiga miayo. "Kiu imenishika. Nikuletee bia?"

Eckhard akamkazia macho. "Unataka kunifanyia ya Loisl?"

"Behewa la chakula liko mabehewa matatu tu nyuma. Dakika tano nimerudi. Kama hutaki, basi."

Alijilamba midomo. Kiu ilimshinda. "Nenda. Mkoba wako uache. Na koti uache."

Akaviacha vyote. Akatembea bila kukimbia, mkono ukishika viti kimoja baada ya kingine, akavuka kiunganishi cha mabehewa, ile sahani ya chuma inayotikisika kati ya mbele na nyuma. Alikuwa upande wa Klagenfurt. Akanunua bia. Mhudumu akataka kuifungua.

"Acha hivyohivyo," alisema. Hakuwa na sababu. Alitaka tu aonekane mtu anayerudi na bia.

Ni uchovu wa kukaa wa mumewe uliomponza. Eckhard, akiwa peke yake, alikitoa kipochi ili acheke picha ya leseni ya mkewe, kama alivyozoea kuicheka. Alikutana na kadi ya bwawa la kuogelea.

Roswitha alimwona kupitia mlango wa kioo akija mbio, uso mwekundu, mdomo wazi. Kabla hajapata pa kwenda, Eckhard alimshika nywele.

"Umeniibia? Mimi? Umeniibia mimi?"

Akamgonga kichwa ukutani. Akamtia goti tumboni, na Roswitha akakunjika, hewa ikamwisha. Mtu mmoja kwenye behewa la chakula akapiga kelele, mwingine akasema aitwe kondakta. Eckhard hakusikia. Alimburuta kwa nywele kuvuka ile sahani ya chuma, magoti yake yakichubuka, mpaka upande wa mbele, upande wa Ljubljana. Treni ilikuwa imeanza kupunguza mwendo.

"Tukifika hotelini," alimwambia sikioni, akihema, "utatamani ungezaliwa bubu."

Hapo Roswitha aligundua kwamba chupa bado iko mkononi mwake. Miaka ishirini na tisa ya ndoa hakuwahi kunyanyua mkono. Alikuwa akifikiri haujui kupiga. Aliizungusha kwa nguvu zake zote, ikampata Eckhard juu ya pua, na mlio ulikuwa wa mfupa, si wa kioo. Nywele zikaachiwa. Akampiga tena, na safari hii chupa ikapasuka, bia na damu vikamwagika pamoja kwenye zulia. Alipenda mlio ule, na hakujionea aibu kuupenda.

Eckhard alianguka kwa makalio. Akamdaka kifundo cha mguu. Roswitha akampiga teke la uso, akavuta, akavuta tena, na kiatu kikabaki mkononi mwa mumewe. Kilikuwa cha mguu wa kulia. Akatambaa kuvuka chuma, akainuka.

Kondakta alikuwa amesimama upande ule wa nyuma, ufunguo wa mlango mkononi. Alimtazama mwanaume aliye sakafuni, akamtazama mwanamke mwenye kiatu kimoja. Sauti yake ilikuwa ileile ya kila siku.

"Ljubljana mbele, Klagenfurt nyuma. Mama, wewe unakwenda wapi?"

"Klagenfurt."

Alikuwa ameziona tiketi zao kwa macho yake. "Ndiyo," alisema. "Klagenfurt." Akausukuma mlango, akageuza ufunguo mara mbili, akakamata redio yake. "Jesenice, mpakani, kuna polisi. Nitawaambia wamsubiri."

Villach treni ikasimama, chuma kikalia, ikakatwa. Kupitia kioo Roswitha aliwaona abiria wawili waliovaa nguo za kuendeshea baiskeli, watu wema waliodhani wanamsaidia mgonjwa, wamemkandamiza Eckhard sakafuni na kumbandika vitambaa puani. Alikuwa akipapatika na kutukana. "Tulia, mzee, usiinuke," midomo yao ilisema. Sehemu ya mbele ikaondoka kwanza. Ikamchukua Eckhard, masanduku mawili, koti, mkoba wa mke na kiatu cha kulia.

Klagenfurt, karani wa magari ya kukodi alikuwa mtu mzima mwenye fulana ya sufu. Alizipokea kadi tatu zilizokuwa bado na joto la soksi. Aliiona damu kwenye ukosi wa mteja wake, akasogeza kiti.

"Keti kwanza, mama. Nikuitie daktari?"

"Baadaye. Nipe gari."

Akaandika, akapiga mihuri. Karibu na mwisho wa fomu kalamu yake ikasita. "Kuna dereva wa pili?"

"Hayupo."

"Basi naacha wazi."

"Usiache wazi," alisema Roswitha. "Piga mstari."

Karani akapiga mstari. Roswitha akautazama mpaka wino ulipokauka, kisha akavua kiatu kilichobaki, akakiweka juu ya kaunta, akapokea funguo kwa kile kiganja chenye kovu la birika.