Kofia za Mkono wa Kushoto

Nilikuwa nimemwambia mume wangu, Ilyasi, kwamba harusi ya Muyinga ikipita kabla Mama Latifa hajaniita fundi, ninaacha. Miaka miwili inatosha. Nitarudi kuuza ndagala, wale samaki wadogo wa ziwani, sokoni Gitega, mtoto mgongoni.

Mama Latifa ndiye anayeshona kofia za mkono mtaani kwetu, zile nyeupe zenye maua ya matundu madogo madogo. Kila tundu unalitoboa, kisha unalizungushia uzi mpaka linasimama duara, na kofia moja ina matundu mamia. Mwaka wa kwanza matundu yangu yalikaa kama meno ya mzee, kila moja na upande wake. Mama Latifa alikuwa akipitisha kidole juu yake na kusema, "Hii inapinda. Fumua." Nafumua. Halafu natumia mkono wa kushoto, na hilo lilimkera kuliko kupinda. Alinilazimisha wiki nzima nishike sindano kwa mkono wa kulia. Nikajichoma mpaka damu ikachafua kitambaa, akakata tamaa.

Mwaka wa pili vidole vikaanza kutangulia. Naweza kumnyonyesha Nuru huku nasikiliza habari za majirani, na tundu linajifunga kama vile mimi simo. Lakini Ijumaa ikifika, kidole cha Mama Latifa kinapita: fumua hii, na hii. Nikimaliza anaitia kofia kwenye sanduku lake, anasema hizo ni za kujifunzia tu. Niliamini. Nani angebishana na kidole kile?

Basi tukaenda Muyinga, harusi ya Faridi, mtoto wa kaka yake Mama Latifa. Ndoa ilipokwisha kufungwa msikitini, wanaume walikuja kukaa kwenye mikeka uani, nami nikawa kati ya wanaogawa pilau. Nikainama kumwekea sahani mzee mmoja, Mzee Zuberi, kofia yake ikawa karibu kabisa na macho yangu. Sahani ikaniponyoka.

Anayeshona kwa mkono wa kulia anazungusha uzi upande mmoja. Mimi nazungusha upande wa pili. Ukiangalia kwa karibu, nyuzi zangu zinalala kinyume na za watu wote. Za kofia ile zililala kinyume.

Nikaangalia kichwa cha jirani yake. Halafu cha nyuma. Halafu cha bwana harusi mwenyewe. Kofia kumi na moja! Wali uko chini, wanawake wananiuliza kama naumwa, na mimi nahesabu vichwa vya watu. Hata ua lenye tundu moja la ziada nililiona, lile nililolikosea siku Nuru alipoanza kutambaa.

Mzee Zuberi hakukasirika. Alipangusa wali gotini, na alipoona nimeikodolea macho kofia yake, akaisifu mwenyewe. Alisema Mama Latifa, huyu dada yao wa Gitega, ni wa ajabu, wenzake wakizeeka mkono unaharibika, wake unazidi kuwa mzuri.

Nilimwomba Faridi kofia yake, akanipa huku akicheka. Mama Latifa alikuwa ndani, peke yake, amekaa kitandani. Nikamwekea kofia mapajani na kumwuliza nani kaishona. Nilijiandaa kwa uongo. Aliigeuza, akapitisha kidole, akaipeleka dirishani.

"Hii iko yangu," akasema. "Ya zamani."

"Iko yangu, mama. Uzi unaenda kushoto."

Alirudi kukaa kitandani, kofia mkononi.

"Mi siko naona matundu, Raissa. Tangu Ramadhani ya mwaka jana. Watu naona, mlango naona. Matundu, hapana."

Nilikaa chini sakafuni. Kumbe ndiyo maana kila asubuhi alinipa sindano nimtungie uzi, nami nikadhani ni heshima ananifanyia. Nikamwuliza: na zile fumua, fumua, za kila Ijumaa?

"Nilikuwa nasema tu. Fundi akinyamaza, mwanafunzi anajua fundi haoni."

Miezi kumi na minane. Nilijaribu kukumbuka ni matundu mangapi mazuri niliyoyakata kwa mkasi, mtoto analia, kwa sababu ya kidole kisichojua lolote.

"Ningekuita fundi, ungeenda," akasema. "Na watu wa huku wanangoja kofia. Mi ningewaambia nini?"

Hapo Mzee Zuberi akabisha mlango uliokuwa wazi. Alitaka kofia sita kabla ya Idi, za ndugu zake wa Gasorwe. Alimsemesha Mama Latifa, na mimi nikangoja aitike. Neno moja tu, "sawa", na ningechukua mtoto wangu niende zangu kabisa.

"Uliza huyu," akasema Mama Latifa, akielekeza kidevu sakafuni nilipokaa. "Fundi iko huyu. Hata hiyo umevaa ni yake."

Mzee alivua kofia yake akaitazama, kisha akanitazama mimi, mdomo wazi. Na mimi, niliyelingoja neno hilo miaka miwili, niliona hofu tu. Maua yote alikuwa akinichorea yeye, akifuatisha kingo za vipande vya karatasi ngumu alivyovijua kwa kupapasa. Mimi sijawahi kuchora hata moja. Nikamwambia hivyo, kwa sauti ya chini, ili mzee asisikie.

Akashuka kutoka kitandani, akakaa sakafuni karibu nami. Akashika kiganja changu, akakifungua, akabonyeza katikati.

"Anza hapa. Tundu moja. Sita ziizunguke. Halafu jani, na jani iko na tisa."

Nilimwomba Mzee Zuberi arudi baada ya alasiri. Alikuwa bado amesimama mlangoni, kofia mkononi, nasi tulikuwa tumefika jani la pili.