Mabenchi Yamehamia kwa Dobi

"Rudisha mabenchi!"

"Peleka viti!"

"Mchungaji, mabenchi ni mali ya kanisa, usinipandishe pre—"

"Na akina mama wanaokupigia pasi saa kumi kwa siku wamesimama wima, wao si wa kanisa hilihili?"

Ndivyo walivyokuwa wakikatizana, Mchungaji na mzee wa kanisa mwenye biashara kubwa ya udobi, yule tunayemwita Mzee Sabuni, ndani ya kanisa tupu lenye mwangwi. Mwaka mzima Mchungaji aliomba viti kwa wapiga pasi, na mwaka mzima akajibiwa kwamba suala linaombewa. Ijumaa akachoka kuombewa. Akakodi mkokoteni, akahamishia mabenchi yote kwenye chumba cha pasi.

"Leo hii baraza linapiga kura," Mzee Sabuni akafoka. "Unafukuzwa, na nyumba ya kanisa unatuachia!"

"Sawa. Mtakaa wapi?"

Mzee akageuka kutazama sakafu tupu. Wajumbe wake wana magoti ya miaka sabini. Kikao kikabidi kiyafuate mabenchi.

Chumba cha pasi kina joto la kuivisha mkate. Wajumbe walipoingia, akina mama wakanyanyuka kwa adabu, wakawapisha. Wazee wakaketi ndani ya mvuke. Katibu akaanza kusoma mashtaka, karatasi ikamlegea mkononi kama tambi.

"Msituhurumie, wazee wetu," mama mmoja akasema huku akinyoosha shuka. "Sisi tumeshazoea."

"Mimi nimekaa tu na roho inanitoka," Katibu akanong'ona. "Hawa wanasimamaje?"

"Wa kumfukuza, mikono juu!" Katibu akaita. Ukainuka mmoja, wa Mzee Sabuni, nao ulikuwa unapangusa jasho.

"Haya, basi!" akalipuka. "Viti Jumatatu! Na feni! Nitoeni humu!"

Mchungaji akapanda juu ya benchi. "Kuanzia leo, hakuna mwanamke atakayepiga pasi amesimama!"

Vigelegele. Mkewe alikuwa mlangoni, amebeba joho la mumewe la kuhubiria, alilolinyoosha tangu alfajiri. Akalitua mezani, akampita mumewe kama anapita nguzo, akasimama mbele ya Mzee Sabuni.

"Shikamoo, mzee. Napiga pasi mwaka wa kumi na tisa huu, na kwangu hakuna hata kigoda. Naomba kazi hapa."