Mkate Usiokaa Kwenye Sinia la Kesar

Itangazwe kwa watu wote, wa mijini na wa jangwani, wenye meno na wasio nayo: Jumamosi moja katika mji wa Jaipur, Kesar, mke wa Girdhari muuza marumaru, alitoka kwenda kula mkate wa moto. Tangazo kama hili lilistahili ngoma na tembo. Badala yake familia ilijibana kwenye gari dogo la Girdhari, na mdogo wake, Lokesh, akalalamika njia nzima kwamba kuna kiwiko cha mtu kwenye mbavu zake. Kilikuwa chake mwenyewe.

Mkahawa ulikuwa kando ya Barabara ya Tonk, mbele kidogo ya duka la pikipiki. Ulijengwa ufanane na kijiji. Kuta za saruji zilipakwa rangi ya udongo, kisima hakikuwa na maji ila kilikuwa na taa ndani, na wahudumu, ambao wengi walikuwa wanafunzi wa chuo cha biashara, walivaa vilemba vyekundu walivyofungwa na mtu maalumu mlangoni kwa sababu wenyewe hawakujua kuvifunga. Watu wa mjini huja hapo kula kama walivyokula babu zao, kisha wakirudi nyumbani humeza dawa ya tumbo.

Safari ilipangwa na Narpat, mtoto wa kwanza wa Kesar, msomi wa shule ya bweni huko Ajmer, kijana mwenye tabia njema na moyo wa huruma. Siku chache kabla, sanamu ya mwanzilishi wa shule ilikutwa asubuhi imevaa gauni la kulalia la mke wa mwalimu mkuu, na Narpat akarudishwa nyumbani ili apate nafasi ya kutafakari. Simu ya shule ilipokelewa na Kesar. Alisikiliza mpaka mwisho, akashukuru, akarudi jikoni. Mumewe aliambiwa kwamba shule imefungwa kwa sababu ya mafua. Narpat alimfuata mama yake jikoni akamwuliza atamlipa nini kwa wema huo. Kesar hakugeuka, kwa kuwa alikuwa na mkate juu ya moto.

"Nataka kula mkate ukiwa wa moto," alisema. "Nikiwa nimekaa chini. Basi."

Narpat alishangaa kuona kwamba hajawahi kulifikiria jambo hilo. Nyumbani kwao Kesar huoka, na Tanvi, binti mdogo, hukimbia na kila mkate kutoka jikoni mpaka kwenye sinia la baba, la baba mdogo, la bibi na la kaka yake. Wote wakishashiba moto huzimwa, na Kesar hula kilichobaki chini ya kitambaa. Narpat alikuwa ameishi maisha yake yote kati ya mikate hiyo, na macho yake siku zote yalikuwa kwenye mkate. Basi akaenda kwa baba yake akamwambia kwamba chakula cha bweni kimemmaliza na kwamba anatamani mapishi ya kwao. Girdhari, ambaye hakuna sifa anayoipenda kuliko sifa ya tumbo la mwanawe, alikubali papo hapo.

Walikaa juu ya magodoro, masinia ya shaba mbele yao juu ya vibao vifupi. Narpat alimkalisha mama yake karibu kabisa na meko, pale ambapo mpishi alikuwa akipiga mikate ya uwele kwa viganja, ili mkate ufike kwake kabla haujapata muda wa kupoa. Alisema mgongo wa Mama unahitaji joto. Hakuna aliyepinga. Vibakuli vikajazwa dengu, vidonge vya unga wa dengu katika mchuzi wa mtindi, maganda ya mti wa jangwani yaliyokaangwa kwa pilipili, na chatini nyekundu ya kitunguu saumu. Kisha mhudumu akaweka mkate wa kwanza kwenye sinia la Kesar, akamwagia samli, na samli ikatoa sauti.

Kesar alivuta ushungi mbele kidogo, kwa kuwa mama mkwe wake alikuwa amekaa mkabala naye, akanyoosha mkono. Sinia lake halikuwa na mkate. Mkate ulikuwa kwenye sinia la Girdhari, samli ikiwa bado inachemka juu yake, na Girdhari alikuwa ameshaumega.

"Huo ni wa Mama," alisema Tanvi.

"Ataletewa mwingine," alisema Girdhari.

Mwingine ukaletwa. Ulikaa kwenye sinia la Kesar kwa muda wa kufumba jicho, kisha ukawa kwenye sinia la Lokesh.

"Shemeji, mkate wako umenipenda," alisema Lokesh.

"Mrudishie, basi."

"Nimeshautia chatini, shemeji. Nikikurudishia huu utaniona sina adabu."

Wa tatu Kesar aliushika kwa mikono miwili tangu kwa mhudumu. Akabaki ameishika hewa, mikono imejikunja kwa umbo la mkate, na mkate ukatua mbele ya mama mkwe, Bi Gulab, ambaye aliuchovya kwenye dengu bila haraka.

"Yangu ilihama miaka yote," alisema Bi Gulab. "Iliacha alipoletwa huyu. Usijali, binti. Narpat akioa, na wewe utakula."

Wote walimtazama Narpat. Narpat aliitazama taa iliyokuwa kisimani.

"Mbona wangu hauondoki?" aliuliza Tanvi.

"Wewe bado uko kwenu," alisema bibi yake.

Tanvi alikula haraka zaidi baada ya hapo.

Mhudumu aliomba radhi kwa niaba ya mkahawa, kwa sauti ya mtu anayeomba radhi kwa feni inayopiga kelele. Alieleza kwamba hutokea, hasa kwa familia zinazokuja na wazee. Juzi mama mmoja wa kutoka Pali alihamishiwa meza ya peke yake nyuma ya kisima, na mikate yake ikakatiza ukumbi mzima kumfuata mumewe. Waliwahi kujaribu kufunika sinia kwa bakuli. Bakuli lilibaki.

"Dawa yake ni moja," alisema. "Wengine washibe. Akibaki mwenye njaa hata mmoja, kwake haukai."

Hapo akili kubwa ya Narpat, ambayo walimu wake hawajawahi kuifurahia, ilianza kufanya kazi. Kama kinachotakiwa ni watu washibe, na washibishwe. Alimwita mhudumu pembeni, akamwambia baba yake na baba yake mdogo ni watu wa kusihiwa sana, wasisikilizwe wakikataa. Mhudumu alifurahi, kwa kuwa hiyo ndiyo kazi aliyoajiriwa. Kwetu mwenyeji hakubali mgeni akikataa mara moja tu. Aliyeshiba kweli hufunika sinia kwa viganja vyote viwili, na asipofanya hivyo chakula kitashuka tu.

Mikate ikashuka. Mmoja kwa ajili ya mama yako, mheshimiwa. Mmoja kwa ajili ya ng'ombe wako, mheshimiwa. Girdhari alisema hana ng'ombe, akapewa mmoja kwa ajili ya ng'ombe atakayemnunua. Lokesh alifungua kifungo cha suruali. Narpat mwenyewe, kwa ajili ya mama yake, alikula kwa bidii ambayo hajawahi kuionyesha kwenye somo lolote, na mara kwa mara alimtupia mama yake jicho la kumwambia avumilie.

Kesar alivumilia. Alimwuliza mumewe kama dengu ina chumvi ya kutosha. Alimsogezea Lokesh kitunguu. Alimfuta Tanvi samli kidevuni. Vibakuli vyake vilikuwa vimejaa na vimeshaweka utando juu, kwa kuwa hakutaka kuvigusa kabla ya mkate. Alipokosa la kufanya alimtazama mpishi akipiga unga, na midomo yake ilienda kidogo, kama mtu anayesikiliza wimbo anaoujua akiogopa utakosewa.

Bi Gulab ndiye wa kwanza kufunika sinia. Tanvi alifuata, akalala ubavuni mwa bibi yake. Lokesh alifunika, akafunua kwa ajili ya kipande cha sukari guru, akafunika tena. Girdhari alichelewa. Ni mtu anayekula huku anaongea habari za marumaru, na habari za marumaru hazina mwisho. Mpishi alikwangua bakuli, akasema unga umebaki donge moja na baada ya hilo anazima moto. Kesar aliangalia donge. Narpat aliangalia baba yake.

"Baba," alisema, "hivi kweli unaweza kumaliza huo?"

"Unanijua mimi?" alisema Girdhari, akaumaliza, akacheua, akafunika sinia kwa viganja vyote viwili.

Narpat alifunika lake. Mpishi akalipiga lile donge la mwisho likawa duara, akaliweka kwenye chuma, akaligeuza, akalisimamisha kwenye makaa mpaka ukingo ukaota madoa meusi. Mhudumu aliuweka mkate kwenye sinia la Kesar. Samli ikamwagwa. Kipande cha sukari guru kikawekwa kando.

Mkate ukakaa.

Mvuke ulipanda mpaka kwenye ushungi wa Kesar, naye akauacha uingie. Aligusa katikati ya mkate kwa ncha ya kidole, akakiondoa haraka, akakitazama kidole. Ulikuwa wa moto. Akacheka kidogo, peke yake. Kisha akaumega, ukatoa ile harufu ya uwele ulioungua kidogo pembeni, akachovya kipande kwenye samli, akakiinua, na kilipofika mdomoni mkono ulikuwa mtupu.

Sinia nalo lilikuwa tupu. Ilibaki sukari guru.

Girdhari aliinua viganja vyake. Hapakuwa na kitu. Lokesh aliinua vyake, akaapa kwa jina la mama yake, ambaye alikuwa amekaa hapo hapo na hakupenda. Bi Gulab alifunua sinia lake, kisha akafunua la Tanvi aliyelala. Hamna.

Ieleweke kwamba Narpat alikuwa ameshiba. Imeshasemwa kwamba alikula kwa bidii, na kijana wa tabia kama ile hawezi kusema ameshiba ikiwa hajashiba. Hakuna sababu ya kuchunguza viganja vyake. Inawezekana kabisa mkate ulikwenda meza nyingine, au barabarani, au Pali.

"Na wewe," alisema Bi Gulab. "Inua mikono."

Narpat hakuinua.

Basi. Mikono ni yangu. Narpat ni mimi, na sina tabia njema, na mkate ulikuwa chini ya viganja vyangu ukiniunguza, kipande kilichomegwa kikiwa kimelala juu yake. Nilikuwa nimeshiba. Naapa nilikuwa nimeshiba mpaka alipoumega. Ile harufu ilipokuja mate yalinijaa mdomoni, na mkate haukungoja nimalize kuyameza.

Niliinua mikono. Baba alicheka, akasema huyu ndiye mwanawe. Baba mdogo alinipiga mgongoni. Bibi alitikisa kichwa kama mtu aliyeona hesabu imetoka ilivyotarajiwa. Mpishi alikuwa ameshamwaga maji kwenye makaa. Nilimsukumia Mama lile sinia. Mkate ulirudi kwangu kabla sijaliachia. Nilisukuma tena.

"Acha," alisema Mama. "Kula, mwanangu. Unapoa."

Alisema hivyo akinitazama, bila hasira, na simu ya shule ilikuwa imo machoni mwake nzima nzima, pale alipoihifadhi ili isinidhuru.

Nilikula. Ulikuwa mtamu kuliko yote iliyotangulia. Yeye alivuta bakuli lake la dengu lililopoa, akaanza kulinywa polepole na ile sukari guru, na nilipokuwa nalamba vidole akaniuliza kama samli ilitosha.

Nikamwambia ingeongezwa kidogo.