Spana Chini ya Kitanda

Jina la fundi wa kwenda Uganda lililosomwa karakanani lilikuwa la Mureithi. Shitanda aliendelea kujipangusa mikono kwa kitambaa hata grisi ilipokwisha kutoka.

Ilikuwa Juni 1979, vita vya Uganda vimekwisha. Nchi kadhaa zilikuwa zimekubaliana kusaidia kuijenga upya. Mabati yalitoka Denmark, dawa Uingereza, mbegu za mahindi hapa Kenya, na vyote vilisubiri kwenye mabehewa gatini Kisumu. Meli ya kuyavusha mabehewa hayo ziwa ilikuwepo. Lakini daraja la kuyashushia kutoka melini, ng'ambo Uganda, lilikuwa limekwama kwa kutu, na fundi mmoja wa Kisumu alitakiwa akalifungue pamoja na Waganda na mhandisi Mdenishi.

Daraja hilo Shitanda alilitunza miaka tisa, yeye na Ouma, Mganda wa huko, kabla Jumuiya ya Afrika Mashariki haijavunjika na kila mtu kurudishwa kwao. Nati zake hazikukubali spana ya dukani. Wakafua mbili wenyewe, na siku ya kuagana kila mmoja akachukua yake. Mureithi alijua nini? Alijua Kiingereza cha mikutano.

Baada ya wiki moja Mureithi alirudi, akamwuliza Shitanda pa kupata spana ya nati zile, maana ya kuagiza Ulaya ingechukua miezi mitatu. Shitanda alijibu kwamba za zamani zilipotea.

Jioni hiyo Nelima, mkewe, alipofagia chini ya kitanda, ufagio uligonga chuma.

"Baba Wabwire, huyu mke mwenzangu atalala hapa mpaka lini?"

"Mwache."

"Watu wa ng'ambo wananyeshewa."

"Si wana Mureithi? Ndiye fundi."

Kila asubuhi Shitanda alipita kando ya mabehewa. Moja lilianza kunuka mbegu zilizovunda. Moyo wake ukafurahi kidogo, kisha akaona haya kwa furaha hiyo.

Mureithi alikwenda ng'ambo tena. Aliporudi alimkuta Shitanda akibana chuma kwenye jiliwa, akavua kofia.

"Mzee, nimefika kwa Ouma. Wanajeshi walimuua mwezi wa tatu. Spana yake iliibwa, pamoja na mlango wa nyumba." Akaikunja kofia. "Mkewe, Agneta, anasema nyingine unayo. Anasema wewe huwezi kuipoteza, utaileta mwenyewe."

Shitanda alingoja alaumiwe. Mureithi alivaa kofia yake, akaenda zake.

Mchana Shitanda alikwenda nyumbani, akaifunga spana kwenye gunia, akamkuta Mureithi gatini akijiandaa kupanda meli.

"Anza na nati za kushoto," alimwambia. "Huko ndiko Ouma alikosimama. Na mwambie Agneta nilikuwa nayo tangu siku ya kwanza uliyoniuliza."

"Hilo utamwambia mwenyewe," Mureithi alijibu, akaichukua spana.

Meli ikang'oa nanga. Shitanda alibaki na gunia tupu mkononi, bado akimwonea Mureithi wivu, kwa kuwa ndiye angesimama kabla yake kwenye kaburi la Ouma.