Karibu Iliyopanda Tramu

Usiku wa kuamkia leo nimeota nimeshtakiwa na friji.

Ni ile friji ya jikoni kwetu, hapa hosteli Ghent, Ubelgiji, nilikokuja kusoma muhula mmoja kwa mpango wa kubadilishana wanafunzi. Humo ndani kila mtu ana rafu yake, na jina lake limebandikwa. Rafu ya mtu ni ya mtu. Ukigusa yai la mwenzako utasikia habari zako mpaka ghorofa ya chini.

Basi katika ndoto friji amevaa joho jeusi na mlango wake uko wazi, kwa hiyo kesi inasikilizwa kwenye baridi.

"Mwajabu Shemhilu wa Muheza," anasema, "unashtakiwa kwa kutoa karibu isiyo na kitu ndani."

"Kumpa nani, mheshimiwa?"

"Katrien wa chumba cha mkabala."

Nikainamisha kichwa, maana hilo ni kweli hata nje ya ndoto. Nilipokuwa mgeni hapa nilikuwa jikoni nakula wali na maharage ya nazi, Katrien akaingia kuchukua maji. Nikasema karibu, kama angesema mtu yeyote aliyelelewa na mama yake. Kwetu mtu akikukuta unakula unamkaribisha, naye anajibu asante, nimetoka kula sasa hivi, hata kama tumbo linamnguruma. Kila mmoja anabaki na heshima yake. Katrien hakuwahi kuambiwa hiyo sehemu ya pili. Alishukuru, akachukua sahani, akavuta kiti, akala mpaka ukoko.

Kesho yake akaja tena. Na keshokutwa. Nikawa napika sufuria kubwa huku nanung'unika moyoni, lakini nikiwa napika nilijikuta natega sikio kusikia kama mlango wake umefunguka. Tulikuwa tunacheka sana jikoni mle. Ndipo Godlisten, Mtanzania mwenzangu anayesoma uhandisi, akamfafanulia kwa nia njema kabisa kwamba karibu ya kwetu ni adabu tu, mtu anashukuru anapita zake. Katrien akaiva uso kwa aibu. Tangu siku hiyo anakula mkate chumbani kwake, na tukikutana koridoni anatazama viatu. Mimi nakula peke yangu. Roho inaniuma, na sijui nianzie wapi kumwambia.

"Shahidi," anaita friji.

Siagi anasimama kwenye kisahani chake. "Nilikuwepo. Alisema karibu huku mkono mmoja umefunika sufuria."

"Nilikuwa nazuia mvuke," nasema.

Vikopo vyote vya mtindi kwenye rafu vinaguna.

"Hukumu," anasema friji. "Utaitoa hiyo karibu mdomoni, uipeleke kwa mwenyewe kwa mkono wako. Ikipoa kabla haijafika, urafiki wenu utahamishiwa friza, kwenye njegere. Huko hajawahi kutoka mtu akiwa yule yule."

Nikakohoa, ile karibu ikatoka. Ni ya mviringo, ina joto, inatoa mvuke kama andazi lililoepuliwa sasa hivi. Nikaifunga kwenye kona ya khanga.

"Nishike vizuri," ikasema karibu. "Nimeelemea upande mmoja."

"Upande upi?"

"Huu hapa mwepesi ni adabu. Huo mwingine sijui uliuweka lini."

Nafungua mlango wa jiko nivuke korido, na korido haipo. Pana kituo cha tramu, vile vitreni vya barabarani vya mji huu, na tramu imeshasimama inanisubiri.

"Mambo, dada," inasema tramu.

"Poa. Nakwenda chumba cha mkabala."

"Hicho ni mwisho wa laini. Na huyo uliyemfunga kwenye khanga, ana tiketi?"

"Ni karibu."

"Akagonge mashine kama wenzake."

Nikaisogeza ile karibu kwenye mashine ya kugongea tiketi. Mashine ikaing'ata kidogo pembeni, ikatafuna, ikameza. "Chumvi imekaa sawa," ikasema, na taa ya kijani ikawaka. Abiria wote wanatazama madirishani. Nikawapa habari za mchana, hakuna aliyeitika. Baadaye bibi mmoja akaniambia kwa sauti ya chini kwamba salamu zinaitikiwa kituo kinachofuata, na kweli, tulipofika hapo wote wakasema nzuri kwa pamoja.

Tramu inasimama mbele ya mfereji. Daraja limenyanyuliwa juu. Ni daraja la mawe, la zamani sana, kwa hiyo naliamkia.

"Shikamoo."

"Marahaba. Una miadi?"

"Sina."

"Mji huu mtu haendi kwa mtu bila miadi, binti yangu. Naweza kukupa nafasi mwezi wa tatu, siku ya mvua."

"Itakuwa imepoa."

"Kwani kwenu mnafanyaje?"

"Tunapiga hodi."

"Mkiwa mmepanga saa ngapi?"

"Hatupangi. Hodi yenyewe ndiyo miadi, ya wakati uleule."

Daraja likawaza. Lilipokuwa linawaza, maji ya mfereji yalirudi yalikotoka na bata wakalazimika kutembea. "Nimesimama hapa tangu wajukuu wa waliokufa hawajazaliwa," likasema, "na watu wananikanyaga kila siku. Hajatokea hata mmoja akanipigia hodi."

Nikapiga hodi. Nikapiga ya pili. Nilipopiga ya tatu, daraja likashuka polepole, lina haya. "Pita, mwanangu," likasema.

Ng'ambo ya daraja ni uani kwetu Muheza. Michungwa imebeba, na mama amekaa kwenye mbuzi anakuna nazi.

"Shikamoo mama. Umefikaje Ubelgiji?"

"Marahaba. Nani kakwambia hii Ubelgiji? Hebu sogeza mguu, unakanyaga mfereji wa watu." Akaitazama khanga. "Na hicho nini?"

Nikamwambia kisa chote. Mama hakuacha kukuna.

"Yule mtoto wa watu kosa lake nini sasa?" akauliza. "Kaitwa, kaja. Mimi nimekaribisha watu umri wangu wote, wote wakaniambia wameshiba. Ningempata mmoja wa kuvuta kiti ningemfuga."

Akakamua tui, akainyunyizia karibu yangu. Ikafuka moshi upya. Nikataka kukaa kidogo, nimlalie begani, lakini mama alishageuka mchungwa, na kwenye shina kuna mlango wenye jina la Katrien. Baiskeli yake imeegemea hapo.

"Hapokei wageni," inasema baiskeli. "Anakula mkate."

"Hodi," nikasema.

Mlango ukafunguka upana wa kidole. Katrien akachungulia. Anaongea Kiswahili cha Tanga, tena kwa madaha.

"Wanitakiani, Mwajabu?"

"Nimekuletea hii."

"Ya adabu, au ya kweli?"

Juu angani nikasikia mlango wa friza ukifunguliwa. Njegere moja ikaanguka begani kwangu, ya baridi. Nikajua hapa hakuna pa kujificha.

"Ilianza ya adabu," nikasema. "Ulipokaa nilichukia, nikahesabu vijiko vyako. Halafu ikawa ya kweli na mimi mwenyewe sikuambiwa. Sasa hivi nakula natazama kile kiti. Rudi, Katrien. Nimekukosa."

Kisha akafungua mlango wote, akaipokea kwa mikono miwili.

"Ya moto hiyo," nikamwambia. "Puliza kwanza."

Hakupuliza. Na sehemu hiyo pia hakuna aliyewahi kumfundisha. Akaitia yote mdomoni, macho yakamtoka, akasema, "Mama yangu we."

Nikaamka.

Kulikuwa kumekucha, mawingu yameshuka mpaka kwenye mapaa. Nilikwenda jikoni. Friji ilikuwa inanguruma pembeni kama hainijui. Nikapasha kiporo cha maharage, nikakaa kula na mkate.

Katrien akaingia kuchukua maji. Akayanywa taratibu akiwa amenipa mgongo, akayaweka mdomoni muda mrefu kabla ya kumeza, akajaza tena glasi.

Nikamuuliza kwa Kiingereza chetu cha jikoni kama anaumwa.

"Ulimi," akasema. "Nimeamka umeungua. Sielewi. Jana usiku nilikula mkate mkavu tu."

Nikafungua mdomo nimkaribishe, na neno halikutoka. Nililitafuta kila mahali, halimo. Basi nikaisukuma sufuria mpaka upande wa pili wa meza.

Katrien akaitazama sufuria, akanitazama mimi. Akachukua sahani, akavuta kiti, akakaa. Akachota kijiko cha maharage na kukileta karibu na midomo.

"Leo," akasema, "napuliza kwanza."