Recho Alipojifanya Kichanga

Msimu wa kahawa wa mwaka tisini na nane, Ketrina wa kijiji cha Hasamba alikuwa akisifiwa kwa ajili ya bintiye, Recho. Miaka tisa tu, lakini ugali anasonga, maji anateka, na mdogo wake Brayan yuko mgongoni mwake tangu asubuhi mpaka mama arudi kutoka shambani.

"Huyu wako si mtoto, ni mtu mzima," majirani walimwambia, naye akafurahi.

Siku moja alirudi mapema. Nyuma ya nyumba akamkuta Brayan ameketi peke yake karibu na moto, mdomo umejaa udongo. Recho alikuwa amelala mkekani, amejifunika mbeleko mpaka kidevuni, na rafiki yake Happy anamnywesha maji kwa kijiko.

Ketrina hakuuliza. Alichomoa kijiti kwenye kuni akamchapa Recho. "Mwenzio angeungua je?"

Recho hakulia. Alimbeba mdogo wake, akamfuta mdomo, akaenda kuteka maji. Aliyelia ni Happy.

"Tulikuwa tunacheza, mama. Yeye kila siku anataka kuwa kichanga. Nikimwambia leo awe mama, anakataa. Anasema kuwa mama kunachosha."

Jioni Ketrina aliketi na mumewe, Timotheo, wakila.

"Baba Recho," alimwambia, "hivi mtoto anaacha lini kuwa mtoto?"

"Akishaweza kujihudumia mwenyewe."

"Huyu wetu hakuacha. Mimi ndiye niliyemwachisha, kama anavyoachishwa ziwa."

"Si na sisi tulilelewa hivyo hivyo?"

Jibu hilo halikumpa nafuu. Alijaribu kukumbuka mchezo hata mmoja wa utotoni mwake, asiupate. Alikumbuka tu mgongo kuuma, na wadogo zake wakilia.

Asubuhi akamfunga Brayan mgongoni mwake mwenyewe. "Nenda kacheze," akamwambia Recho.

Mtoto akasimama palepale, macho chini. "Nimekosa nini tena, mama?"

Ketrina alitaka kusema kwamba aliyekosa ni yeye. Lakini hakuwahi kumsikia mzazi akimwomba mtoto msamaha, na maneno yenyewe hakuyajua. "Hujakosa," alisema. "Nenda tu."

Tangu siku hiyo akawa anachuma kahawa na mtoto mgongoni, anarudi na kikapu nusu. Majirani wakaanza kusema Recho amedekezwa, ameharibika. Ketrina aliwaacha waseme.

Wiki chache baadaye, akiwa shambani na jirani yake Marita, akasikia kicheko upande wa barabarani, kikubwa, cha kujiachia kabisa.

"Mtoto wa nani yule anayecheka hivyo?" akauliza.

Marita akamtazama kwa mshangao. "Mama Recho! Si binti yako huyo?"

Ketrina aliinamia mbuni wake, akaendelea kuchuma, mbichi na mbivu pamoja, kwa maana hakuwa anaona vizuri.